Nyumba ya Mataruma

Ilianza na ndoo ya maji.

Loveday Uren alikuwa ameiweka kando ya meko, akawa anakanda unga mezani. Ilipotimu saa sita mchana, maji yakatikisika mara tatu, yakatulia, yakatikisika tena mara tatu. Nje hapakuwa na upepo. Hakuna gari la ng'ombe lililopita. Bintiye Tamsin, mtoto wa miaka sita, alikuwa amekaa kizingitini anamvalisha mwanasesere wake wa gunia.

“Tamsin, umegusa ndoo?”

“Mimi niko huku, mama.”

“Usichezee maji. Maji ya Tregarra yananunuliwa.”

“Si nimekwambia niko huku?”

Na kweli alikuwa huko. Loveday akaitazama ndoo kidogo, akakumbuka unga unamngoja, akarudi mezani.

Nyumba ile ilikuwa imejengwa kwa mataruma ya reli, zile mbao nzito zinazolazwa chini ya vyuma, kuta na sakafu. Haikuwa peke yake. Mwaka ule nusu ya mji wetu wa Tregarra ililala ndani ya mataruma, kwa sababu Kampuni ya reli ilipokufa haikutulipa mishahara, nasi tukajilipa kwa mbao. Sitaki mtu aje kutuita wezi. Mabwana wa Kampuni walikuja kutoka Adelaide na kofia zao ndefu, mke wa mmoja wao akachota udongo wa kwanza kwa koleo la fedha, akautia kwenye toroli iliyong'arishwa kama meza ya sebuleni, tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Koleo lile likarudi kwenye sanduku lake la mahameli na halikuonja udongo tena. Makoleo yetu yalionja. Tulichimba mwaka mzima ili shaba ya mgodi wetu ifike bandarini kwa gari moshi, na gari moshi lenyewe lilikwenda mara moja tu, maili tatu, likarudi kinyumenyume kwa sababu hapakuwa na pa kugeuzia. Baada ya miezi miwili mabwana walipanda meli kwenda London. Sisi tukabaki na tuta, kokoto na jua.

Loveday alibaki na zaidi ya hayo. Alibaki na jina la mke aliyeachwa. Mumewe, Jabez Uren, alikuwa mwenzetu katika kikosi cha kuchimba Mpasuo, mahali pale maili ya tatu tulipokipasua kilima reli ipite. Siku moja ya Desemba aligombana na Bwana Cray, wakala wa Kampuni, mbele yetu sote, akasema afadhali aende Victoria akachimbe dhahabu kuliko kumchimbia mwongo. Ilipofika jioni hayupo. Watu walikuwa wanatorokea dhahabu kila wiki, hata mwalimu wa shule alishakwenda, kwa hiyo hakuna aliyeuliza mara mbili.

“Angalau wangu huniandikia,” Bi Rowe wa nyumba ya pili alikuwa akimwambia Loveday kisimani, kwa sauti ya huruma iliyosikika mpaka barabarani. “Wako vipi? Kimya?”

“Kimya.”

“Mh. Wanaume wembamba ndivyo walivyo.”

Loveday alichukua kofia ya Jabez ya kuendea kanisani akaitia motoni. Alimlaani mchana, akamlaani anapofua, akamlaani anapomsuka mtoto nywele. Alimpenda sana mtu yule, na hasira yake ilikuwa kubwa kwa kipimo hicho hicho. Aliyemsaidia ni Kapteni Tonkin. Sisi watu wa Cornwall, kule Uingereza, msimamizi wa mgodini tunamwita kapteni, na Digory Tonkin alikuwa kapteni wa mgodi miaka ishirini kabla Kampuni haijamfanya msimamizi wetu kule Mpasuo. Yeye ndiye aliyemjengea Loveday ile nyumba, kwa mikono yake, kwa mataruma ya mti mwekundu mgumu aliyoyang'oa mwenyewe pale maili ya tatu. Kila Alhamisi alileta kuni. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akauliza hali ya mtoto, akaenda zake. Tulimsifu sana. Tulisema angalau Kampuni ilituachia mtu mmoja mwungwana.

Siku ya pili, saa sita ile ile, Loveday aliisikia. Ilitoka chini ya sakafu, karibu na meko, sauti ya mti ukigonga mti ulioshindiliwa udongo. Tatu. Kimya. Tatu.

Hakuogopa sana. Mtu wa Cornwall akisikia mgogoto chini ya ardhi anajua cha kufanya. Tuna Wagongaji, ukipenda waite majini, viumbe vifupi vinavyoishi kwenye miamba. Walikuwepo Cornwall tangu enzi za mababu na wakatufuata huku Australia, sijui kwa meli gani. Wanagonga kumwonya mchimbaji kwamba mwamba utaanguka, naye anashukuru kwa kuwaachia kipande cha pasti. Pasti ndiyo chakula chetu, mkate uliokunjwa juu ya nyama, viazi na kitunguu, na pindo lake nene tunalishika kwa vidole vichafu na halifai kuliwa. Pindo ni la Wagongaji. Ukiwanyima, hapo ndipo wanapokuwa wabaya.

Basi Loveday akaweka pindo la pasti kando ya meko. Kesho yake halikuwepo, na mahali pake palikuwa na udongo mwekundu, mbichi, umefinyangwa kwa alama za vidole vinne. Mvua ilikuwa haijanyesha wiki nane.

“Wamefuata mbao,” Bi Rowe alinong'ona alipoletwa auone. Safari hii sauti yake haikufika barabarani. “Mbao zimetoka Mpasuo, na pale walikuwepo, wanaume wote waliwasikia. Endelea kuwalisha, Loveday. Usipige mluzi ndani, wala usichore msalaba mbele yao.”

“Vidole vyao ni vidogo, si ndivyo wanavyosema?”

“Ndiyo. Kama vya mtoto.”

“Tazama hivi.”

Bi Rowe alitazama, akakumbuka ameacha chungu jikoni.

Harufu ikafuata, harufu ya shimo lililofunikwa siku nyingi, ya udongo wenye maji na kitu kingine ambacho Loveday hakutaka kukipa jina. Ilianza saa sita na kuondoka mgogoto ulipokoma. Alifungua madirisha, akachoma majani, akasugua sakafu kwa magadi. Jua lilikuwa linachoma nje kiasi cha kupasua rangi ya milango, na ndani ya nyumba ile, mchana kweupe, kuta zilikuwa zinatoa jasho.

Halafu ikamfikia mtoto.

Mara ya kwanza Tamsin alisimama tu katikati ya chumba, akashika kifua na kusema, “Mama, pamebana.” Ikapita kabla mama yake hajamfikia. Kesho yake ilichukua muda wa kusema Baba Yetu nzima. Siku ya nne midomo yake iligeuka rangi ya zambarau, na alipokohoa, zilitoka punje za udongo mwekundu zikabaki kwenye kiganja cha mama yake. Daktari wa mgodi alikuja asubuhi, wakati mtoto ni mzima kabisa anaruka kamba, akampa dawa tamu ya kikohozi na kumwambia Loveday apunguze mawazo. Kila siku ilizidi. Ilipotimia wiki, mtoto alipigania pumzi nusu saa nzima, na alipozinduka alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza ndoto, “Kuna giza kule, mama. Halafu watu wanacheka juu.”

Hapo Loveday alifunga shali yake akaenda kwa Shangazi Keziah.

Mwanamke yeyote mzee wa kwetu ni shangazi, lakini Keziah Bolitho alikuwa mganga pia. Mhubiri wetu alimlaani mimbarini kila mwezi, na mke wa mhubiri alikuwa mteja wake. Alikuja Alhamisi kabla ya saa sita, na fimbo na mkoba wa ngozi, anailalamikia nchi njia nzima.

“Miti haina adabu, inaambua magome badala ya majani. Nitapata wapi dawa huku? Chumvi ninayo. Mtoto yuko wapi? Njoo, mwanangu, nikuone ulimi. Na yule aliyesimama kwenye jua kali kama nguzo ni nani?”

Alikuwa Kapteni Tonkin, ameleta kuni. Alitaka kuondoka.

“Ingia, Digory. Mtoto huyu atataka mtu wa kumshika.”

“Mimi huwa siingii, Shangazi.”

“Leo utaingia.”

Akaingia. Wanasema alitembea juu ya sakafu ile aliyoijenga mwenyewe kwa ncha za viatu.

Saa sita ikafika. Tatu. Kimya. Tatu. Mtoto akaanguka kwenye mikono ya Tonkin, mdomo wazi, pumzi haiingii, na harufu ikapanda kutoka kwenye nyufa za mataruma, nzito hata Keziah akafunika pua kwa kilemba chake. Mganga akapiga magoti kwa shida, akaweka sikio chini, akasikiliza muda mrefu kuliko Loveday alivyoweza kuvumilia.

“Shangazi, wanataka nini? Nimewapa kila siku. Nimewapa pasti nzima.”

“Nyamaza kwanza.” Keziah akainua uso. “Digory. Wewe ni kapteni wa mgodi. Mgodini, mtu wa chini akigonga tatu kwenye bomba, wa juu wanaelewa nini?”

Tonkin akamkaza mtoto kifuani.

“Nimekuuliza.”

“Moja ni simamisha,” Tonkin akasema. “Mbili ni shusha.”

“Najua moja, najua mbili. Nimezika waume wawili wa mgodini. Tatu.”

“Tatu ni mtu.” Sauti yake ilikuwa imekwisha. “Tatu ni kwamba kuna mtu chini. Mvuteni juu, polepole.”

“Wagongaji hawajui alama za mgodi,” Keziah alimwambia Loveday taratibu. “Huyu ni mtu, mwanangu.”

Loveday alimtazama Tonkin, na Tonkin alikuwa analia juu ya nywele za mtoto.

Alisema yote hapo hapo, huku mgogoto unaendelea chini ya magoti yake. Siku ile ya Desemba, baada ya ugomvi na Bwana Cray, Jabez hakwenda Victoria. Alikwenda kula chakula chake peke yake kwenye kivuli cha jukwaa la mbao, chini ya ukingo wa kilima, kwa sababu alikuwa amenuna. Kilima kikaporomoka. Sisi tulikuwa tunakula upande wa pili, tukasikia kishindo, tukakimbia kuhesabu watu, na mtu mmoja akasema Jabez kashaondoka, nimemwona anachukua mkoba. Alichukua mkoba wa chakula. Mgogoto ulianza mchana ule ule.

“Siku ya kwanza nilidhani ni wao,” Tonkin akasema. “Naapa kwa Mungu, Loveday. Siku ya pili nikahesabu.”

“Ukahesabu.”

“Ndiyo.”

“Ukawaambia nini watu?”

“Nikawaambia ni Wagongaji, wanatuonya. Nikawaambia watupe mapindo na wasikae pale.”

Nami nilitupa. Niseme kabla mwingine hajasema. Tulikuwa watu arobaini na kwa siku nne alizogonga kila mmoja wetu alitupa pindo lake la pasti juu ya udongo ule, tukicheka, tukitania kwamba Wagongaji wa Australia wana njaa kuliko wa kwetu, huku chini ya miguu yetu mtu tuliyekula naye anaomba kwa alama aliyofundishwa tangu ujana wake, na anatusikia tunavyocheka. Langu lilikuwa na kipande cha kitunguu. Nakikumbuka vizuri kuliko siku ya arusi yangu.

“Kwa nini?” Loveday akauliza.

“Mkaguzi wa serikali alikuwa anakuja Jumatatu. Injini isipofika maili ya tatu kabla ya mwaka mpya, serikali inachukua ardhi yote iliyoiahidi Kampuni, na Cray aliniambia ardhi ikienda, mishahara imekwenda. Watu arobaini, Loveday. Wana watoto. Kilima kile kilikuwa kimemwaga udongo wa kuzolewa mwezi mzima, hatukuweza kuuzoa. Tukausawazisha. Tukalaza mataruma juu yake.”

“Juu yake.”

“Nikajiambia ni mtu mmoja tu.”

“Na mishahara mkalipwa?”

Tonkin akatazama sakafu. Hakuna aliyelipwa, na Loveday alijua.

“Na mbao hizi? Ukanijengea kwa mbao hizi, Digory? Mwanangu analala juu yake?”

“Watu walipoanza kung'oa, niliogopa wangefika pale. Udongo ulikuwa umebonyea. Nikawahi mimi. Sikuweza kuziuza. Niliona... niliona angalau zikufae.”

Loveday alimpiga kofi. Lilikuwa moja tu, kwa sababu mtoto akapiga kelele mikononi mwa Tonkin, kelele isiyo na pumzi, na macho yake yakapinduka. Saa saba ilikuwa inakaribia na mgogoto haukuwa umekoma kama siku nyingine. Ulikuwa unakazana.

“Nisikilize,” Keziah akasema kwa haraka, chini kwa chini, kana kwamba yule wa chini angemsikia. “Hajui kama amekufa. Anavuta pumzi ya anayemsikia, na mtoto ni damu yake, anamsikia kuliko sisi. Hana nia mbaya, lakini atammaliza. Njia ni mbili. Tumchimbue, azikwe kama watu, kila mtu aache kazi amsindikize, hapo atatulia. Au tumfukuze.”

“Kumfukuza aende wapi?”

“Sijui. Waliponifundisha hawakuniambia.”

“Kumchimbua ni muda gani?” Loveday alimgeukia Tonkin. “Jibu wewe! Muda gani?”

“Futi ishirini,” Tonkin akasema. “Kwa watu wote, mwezi. Na watu hawapo.”

“Wiki mbili?”

“Mwezi, Loveday.”

Mtoto alikuwa na dakika. Mwanamke yule alikuwa amemlaani mumewe mwaka mzima kwa kosa ambalo hakulitenda, na sasa, kabla hata hajapata nafasi ya kumwomba radhi, aliambiwa achague kati yake na mtoto wake waliyemzaa pamoja. Sijui wengine mngefanya nini. Mimi ninayeyasimulia sina haki ya kusema lolote.

“Tumfukuze,” akasema.

Keziah akamwaga chumvi kuzunguka meko, akachomoa nyundo mshipini mwa Tonkin, akatoa mkobani msumari mnene wa reli, akausimamisha juu ya taruma mahali mgogoto ulipotokea. “Mimi nitapiga msumari. Maneno ni yako, maana wewe ndiye anayekuita. Kila akigonga, unamwambia: hakuna mtu hapa, hatukusikii, nenda. Mara tatu. Usimtaje jina. Ukimtaja jina atakaa.”

Tatu, ikagonga sakafu.

“Hakuna mtu hapa,” Loveday akasema. “Hatukusikii. Nenda.”

Keziah akapiga nyundo. Chini yao pakawa na kimya kifupi, kimya cha mtu aliyesikia sauti anayoifahamu na haamini masikio yake, kisha mgogoto ukarudi, lakini sasa ulikuwa wa kasi, wa furaha, tatu na tatu na tatu bila nafasi katikati, vyombo vikacheza kabatini, udongo ukaanza kuchuruzika kutoka kwenye nyufa za kuta kama unga unavyotoka kwenye gunia lililotoboka, na Loveday akaelewa kwamba mumewe ameisikia sauti yake na anadhani ni yeye aliyekuja kumtoa.

“Sema!” Keziah akafoka. “Mtoto anakwenda!”

“Hakuna mtu hapa. Hatukusikii. Nenda.”

Nyundo. Mgogoto ukaacha. Badala yake ukaja mkwaruzo, mwepesi, wa kucha juu ya mbao, ukitembea chini ya sakafu kutoka kwenye meko hadi pale Loveday alipopiga magoti, ukasimama chini ya kiganja chake hasa, akausikia kwenye nyama ya mkono wake, na kutoka hapo, kwa sauti kavu iliyojaa mchanga, sauti ya mtu aliyefika mlangoni usiku akashuku kama amepotea nyumba, akaulizwa:

“Loveday?”

Tonkin alifunika masikio ya mtoto, kisha yake. Keziah alikuwa anatikisa kichwa, hapana, hapana, usijibu. Loveday akainama mpaka midomo yake ikagusa taruma. Alisema baadaye kwamba alitaka kulisema taratibu, lisimwumize.

“Hakuna mtu hapa,” akasema. “Hatukusikii. Nenda.”

Nyundo ikazamisha msumari mpaka kichwa.

Harufu ikatoka mara moja, kama imechomolewa. Tamsin akatapika udongo, ngumi nzima, akavuta pumzi ndefu yenye mlio, akalia kama watoto wote wanavyolia, akaomba maji. Akanywa vikombe vitatu. Jioni ile alikula, akalala, na kifua chake kilipanda na kushuka bila shida, na mama yake alikaa kando yake mpaka kulipopambazuka akikitazama.

Asubuhi Loveday alichukua sururu na koleo akatembea kwenda maili ya tatu. Tonkin alimfuata kwa mbali. Bi Rowe akatuambia, nasi wa kikosi tuliobaki Tregarra, watu kumi na mmoja, tukafuata na makoleo yetu, hatuangaliani. Mwezi si kitu, tulijiambia. Tutachimba mwezi.

Loveday hakungoja kuonyeshwa. Pale katikati ya njia ya reli, mahali mataruma yalipong'olewa, udongo ulikuwa umebonyea kwa urefu wa mtu. Akaanza hapo. Tonkin akamwambia kwa upole kwamba si hapo, kwamba jukwaa lilikuwa kule chini ya ukingo, hatua kumi na tano, ndani kabisa, ndiyo maana ni futi ishirini. Loveday akaendelea kuchimba. Tukachimba anapochimba yeye, kwa kumstahi.

Mmoja wetu alikuwa amebandika kopo la chai kwenye moto. Lilikuwa halijachemka tulipouona mkono.

Jabez hakukaa pale kilima kilipomfukia. Mbao za jukwaa zilikuwa zimemwachia nafasi, na kutoka hapo alichimba, kwa mpini wa koleo na kwa vidole, hatua kumi na tano gizani, akizifuata sauti zetu. Alikuja mpaka chini ya mahali tulipokuwa tunakaa kula. Udongo uliobaki juu yake haukunifika kiunoni. Mtu mmoja na koleo moja, kwa nusu saa, angemtoa. Angemtoa Desemba akiwa hai, na jana, kama kapteni angemwambia ukweli asubuhi, Loveday angemtoa kabla ya saa sita, akazikwa, akatulia, na mtoto akapona pasipo kumfukuza mtu.

Tonkin alikaa chini kwenye kokoto. “Sikujua,” akasema. “Nilidhani ni mwezi.”

“Mwezi,” Loveday akasema. Hakusema jingine kwake siku hiyo wala siku nyingine.

Tulimzika Jumamosi. Mgodi ulisimama, maduka yakafungwa, kila mwanamume wa Tregarra alitembea nyuma ya jeneza na tukaimba njia nzima kwa sauti nne, vizuri sana. Sisi ni hodari wa kuimba mazishini. Mhubiri alisema maneno mazuri. Watu walipotawanyika Loveday alimshika Shangazi Keziah mkono penye kaburi.

“Sasa atatulia, Shangazi?”

Keziah alimtazama kwa huruma, na hakuwa mtu wa kudanganya. “Mifupa imetulia, mwanangu,” akasema. “Yeye mwenyewe tulimtoa Alhamisi.”

“Mwite arudi.”

“Sina dawa hiyo.”

“Basi yuko wapi?”

Mganga akakaza shali yake, akatazama upande wa bandari, ambako tuta letu lilikwenda likakatika katikati ya nyasi.

Loveday alirudi nyumbani. Ilipotimu saa sita aliuchomoa ule msumari kwa nyundo ya Tonkin, akachubuka vidole, akalala kifudifudi juu ya sakafu na shavu lake kwenye tundu.

“Jabez,” akasema. “Jabez Uren. Ni mimi. Nipo hapa. Tunakusikia.”

Akasikiliza. Mbao zilikuwa kavu na zimepata joto la jua. Nyumba ilikuwa shwari kabisa, nyumba njema, yenye hewa. Akasema tena, kwa nguvu zaidi, akataja jina mara nyingi, mpaka mtoto akaja kutoka uani na mwanasesere wake, mashavu mekundu, mzima wa afya, akasimama mlangoni akamshangaa.

“Mama, unazungumza na nani?”

Loveday akanyanyua uso, akamtazama binti yake, akatafuta jibu lingine na hakulipata.

“Hakuna mtu,” akasema.